Sema Ukisikia

"Sema ukisikia," mkalimani aliniambia.

Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya kitanda chembamba, uso umezama kwenye tundu la mto, suruali ya mazoezi imekunjwa hadi gotini. Kila kilichofanyika kilikuwa nyuma yangu. Nilisikia harufu ya spiriti, kisha ubaridi wa pamba kwenye shavu la mguu wa kushoto.

"Kusikia nini?"

Wakaongea Kichina kidogo, yeye na daktari. "Si maumivu, dada. Uzito. Au ganzi. Au kama mtu anavuta uzi ndani. Ukisikia hivyo, sema."

Sindano ya kwanza sikuisikia ikiingia. Sindano za tiba hii hazifanani na za hospitali. Hazina tundu kwa sababu hakuna dawa ya kupitisha, na ni nyembamba kiasi kwamba zinapinda ukizigusa. Daktari akaizungusha kwa ncha za vidole, na ghafla uchovu kama wa siku nzima ukakusanyika mahali pamoja, chini kidogo ya shavu la mguu, ukatulia hapo.

"Nasikia," nikasema.

Daktari akaguna kwa kuridhika, kama fundi redio aliyeipata stesheni.

Ziliingia sindano saba. Kisha taa ikapunguzwa, pazia likavutwa, nikaachwa peke yangu kwa dakika 25. Nje mtu alikuwa anauza maji kwa kugonga chupa. Katika dakika hizo nilijiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza kabla ya kulipa shilingi 30,000 pale mapokezi: mimi nimefuata nini hapa?

Nasoma shahada ya uzamili ya epidemiolojia. Ukiondoa fomula na programu za kompyuta, kazi ninayofundishwa ni moja: kuitilia shaka sentensi inayosema "nilitumia, nikapona." Tunafundishwa kuuliza: ulipona kwa sababu ya dawa, au ungepona hata bila dawa? Nani mwingine alitumia asipone, na hakuja kutuambia? Nimewahi kusimama mbele ya darasa la wanafunzi wa mwaka wa kwanza nikayaeleza haya kwa dakika 40, nikapigiwa makofi. Na sasa nilikuwa nimelala na sindano saba mguuni, nikimwomba Mungu zifanye kazi kabla ya mwisho wa Februari.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Hawakusema kwamba akizidiwa atakwenda kwa mganga mwingine bila kuuliza hata swali moja.

*

Nilianza kukimbia muhula ule pendekezo langu la utafiti liliporudishwa kwa mara ya tatu. Sikuwa na mpango wa kuwa mwanariadha. Nilikuwa nakaa chumbani Upanga nikitazama maandishi mekundu ya msimamizi wangu, na alfajiri moja nikavaa raba nikatoka. Nilikwenda hadi Daraja la Tanzanite. Ukifika pale kabla jua halijachomoza unakuta Dar es Salaam nyingine: wazee wanatembea mikono nyuma, klabu za jogging zinapita na nyimbo zao, watu waliochomekea tauni la jiji zima masikioni mwao. Daraja lina urefu wa zaidi ya kilomita moja. Nililivuka nikitembea, nikarudi nikikimbia, na siku ile niliandika kurasa nne.

Basi nikawa mtu wa kukimbia. Kilomita tano zikawa nane, nane zikawa kumi na mbili. Rafiki yangu mmoja wa klabu akanishawishi nijiandikishe mbio za Kilimanjaro, zile zinazofanyika Moshi kila mwaka tangu 2003. Nikachagua nusu marathoni, kilomita 21. "Kule kuna mlima wa kupanda," akaniambia. Mimi mtoto wa Tanga, niliyezoea barabara tambarare, nikaanza kwenda jioni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupanda na kushuka vilima vya Mlimani. Ndani ya wiki sita nilikuwa nimeongeza umbali karibu mara mbili, na juu yake nikaongeza vilima. Mtu yeyote anayejua miguu angeniambia kitakachofuata.

Asubuhi moja ya Novemba nilishuka kitandani na mguu wa kushoto ukagoma. Hatua za kwanza zilikuwa kama kutembea juu ya fimbo. Nikachechemea hadi bafuni, na kufikia wakati nimepiga mswaki maumivu yakawa yamepungua, nikajidanganya kwamba yamekwisha. Hivyo ndivyo jeraha hili linavyokuhadaa. Linauma asubuhi, likipata moto linanyamaza, unakwenda kukimbia, na kesho yake linauma zaidi ya jana. Nilikwenda nalo hivyo wiki tatu. Nilipokuja kulibana kwa vidole viwili, sentimita kama nne juu ya kisigino, nilikuta uvimbe mdogo, mgumu kama punje ya hindi, na nikatoa sauti ambayo mwenzangu wa chumba aliisikia akiwa koridoni.

"Mshipa huo," Mama alisema nilipompigia. "Umeteguka mshipa."

Kwa Kiswahili chetu mshipa ni kila kitu. Njia ya damu ni mshipa. Neva ni mshipa. Ngiri nayo watu huiita mshipa. Kinachouma nyuma ya mguu, ambacho vitabu vinakiita kano, kwa Mama na kwa Watanzania wengi ni mshipa tu. Darasani tulifundishwa kuyatenganisha: kano ni kamba inayofunga msuli kwenye mfupa, na hii ya kisigino ndiyo nene na imara kuliko zote mwilini. Unapokimbia, kila hatua inabeba mzigo wa mara kadhaa ya uzito wako. Inaweza kuubeba, mradi uuongeze polepole.

*

Kusema kweli, sikuanzia kwenye sindano. Nilianza kwa mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja mpole aliyenibana mguu, akaniagiza nisimame kwa vidole, kisha akaniambia niende nje kwenye ngazi.

"Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa mbele ya nyayo. Panda kwa miguu yote miwili. Sasa ushushe kisigino cha kushoto peke yake, polepole, hadi kiwe chini ya ngazi. Mara 15. Pumzika. Tena 15. Tena 15. Halafu ukunje goti kidogo, urudie zote."

"Kwa siku ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Wiki 12."

Nikapiga hesabu. Mara 180 kwa siku, wiki 12. Mbio zilikuwa zimebaki wiki 11.

"Na dawa?"

"Hiyo ndiyo dawa."

Nilitoka pale nimekasirika. Nimelipa nauli na ada ya kumwona mtaalamu ili niambiwe ngazi? Ngazi zipo hosteli, ghorofa nne, bure.

Baadaye nilisoma zilikotoka zile ngazi. Mwaka 1998 daktari wa upasuaji wa mifupa wa Sweden, Håkan Alfredson, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu wakimbiaji 15 wa kawaida, watu wasio mabingwa wa chochote, waliokuwa na maumivu sugu ya kano ya kisigino. Waliwapa zoezi hilihili kwa wiki 12, na wote 15 wakarudi kukimbia. Husimuliwa kwamba Alfredson mwenyewe alikuwa na jeraha hilo, akamwomba mkubwa wake wa kazi afanyiwe upasuaji, akakataliwa. Kwa hasira akaamua kuitwisha kano mzigo mpaka ikatike, ili wasiwe na budi kumpasua. Kano haikukatika. Ilipona.

Nilikipenda kisa kile, lakini hakikunifanya nipende ngazi. Nilitaka kitu ambacho mtu mwingine atanifanyia mimi nikiwa nimelala. Rafiki yangu wa klabu akasema kuna daktari wa Kichina anatibu kwa sindano, yeye mwenyewe alikwenda kwa ajili ya mgongo, na baada ya mara tatu alikuwa ananyanyua ndoo za maji. Alitumia akapona. Nikaomba namba.

Wazo la daktari wa Kichina si geni kwetu. Timu ya kwanza ya madaktari kutoka China ilifika Zanzibar mwaka 1964, mwaka uleule wa Mapinduzi, na Tanzania Bara mwaka 1968, kabla hata reli ya TAZARA haijaanza kujengwa. Wazee wengi wana kisa chao cha daktari wa Kichina aliyewatibu. Wala kutobolewa ngozi si jambo geni. Bibi yangu alikuwa akiumikwa kwa pembe mgongoni kila alipozidiwa na maumivu, na siku hizi vibao vya hijama vimejaa barabarani. Watu wetu wamezoea kuamini kwamba ubaya ulio ndani unaweza kutolewa kupitia ngozi.

Siku ile ya kwanza, kabla sijalala kitandani, daktari alinishika mkono akasikiliza mapigo, akanitaka nitoe ulimi, akaniuliza nalala saa ngapi, nakula nini, siku zangu zinakujaje. Kisha akapitisha kidole hewani, mkalimani akafasiri: "Anasema kuna mshipa unaoanzia pembeni mwa jicho, unapanda kichwani, unashuka mgongoni, unapita nyuma ya mguu hadi kidole cha mwisho. Huo mshipa wako umeziba."

Hapo nilikaribia kucheka. Kwenye kitabu cha anatomia hakuna njia inayotoka jichoni hadi kidole kidogo cha mguu. Lakini mkalimani, kijana wa Kitanzania aliyesoma China miaka mitano, alikuwa ametafuta neno la kuibeba dhana ile ya kale, na akalikuta limeshakaa tayari mdomoni mwake. Mshipa. Ni neno lilelile la Mama.

*

Baada ya mara ya pili mguu ulikuwa mwepesi.

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliamka siku iliyofuata, nikaweka mguu chini nikisubiri ile fimbo, na fimbo haikuwapo. Nikatembea hadi bafuni kama binadamu. Kabla sijanywa chai nilikuwa nimeshampigia Mama.

"Mama, nimepona! Sindano mbili tatu tu za Mchina."

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha akanyamaza kidogo. "Na goti je, anatibu?"

Inabidi nieleze habari za goti la Mama. Ana genge la mboga Ngamiani, na amesimama pale tangu mimi niko darasa la tatu. Genge hilo ndilo lililonisomesha. Goti lake la kulia lilianza kuuma miaka mingi iliyopita, na tangu mwaka juzi anasali kwenye kiti. Kile kiti cha plastiki, cha rangi ya buluu, kinakaa pembeni mwa mkeka wake. Mama halalamiki. Amekwenda hospitali mara kadhaa na kurudi na vidonge vilevile vya maumivu, ambavyo vinamchoma tumbo. Aliwahi kuniambia mara moja tu, tukiwa tunamenya vitunguu, kwamba kitu anachokikosa si kutembea. Anakosa kusujudu.

"Anatibu kila kitu, Mama," nikasema. "Magoti ndiyo hasa."

Mkalimani hakuwa ameniambia hivyo. Niliyasema mwenyewe, mimi wa epidemiolojia.

Wiki mbili baadaye dada yangu alinitumia ujumbe: Mama amenunua kibubu. Kila jioni akifunga genge anatia humo elfu moja, siku nyingine elfu mbili. Anasema ni nauli ya Dar na pesa ya Mchina.

Nikapiga hesabu zangu. Mara sita kwa elfu 30 ni laki na elfu themanini, na nauli juu yake. Nyanya na mchicha kwa bei ya Ngamiani haziachi faida ya namna hiyo kwa haraka. Nikajiambia haidhuru, mguu wangu ni ushahidi.

Mguu wangu ukanisaliti tarehe 9 Januari. Nilikuwa nimekwenda mara tano kwa daktari, na kwa kuwa nilijiona nimepona nilirudi Mlimani kupanda kilima. Nilipanda vizuri. Kwenye kushuka nikasikia kitu kama kamba ya gitaa iliyolegea, na kesho yake ile fimbo ilikuwa inanisubiri kitandani.

Nilikwenda mara ya sita kwa sababu nilikuwa nimeshalipia. Nililala kifudifudi. "Sema ukisikia," mkalimani akasema, na safari hii niliposikia ule uzito sikusema kitu. Daktari akazungusha, akasubiri, akazungusha tena. Sijui kwa nini nilimfanyia vile. Labda nilitaka naye ashindwe kidogo.

Mama sikumwambia. Alipopiga kuuliza habari za mguu nilimjibu, "Unaendelea vizuri," na nikabadili mazungumzo.

*

Usiku mmoja mwishoni mwa Januari, badala ya kuendelea na sura ya pili ya tasnifu, nilifanya kwa ajili ya goti la Mama kitu ambacho ningekifanya siku ya kwanza kama angekuwa mgonjwa wa mtu mwingine. Nilitafuta tafiti.

Kwa kano ya kisigino nilikuta chache, na ndogo. Kwa goti nilikuta hazina. Ujerumani ilifanya majaribio makubwa ya tiba ya sindano, na lile la goti lilichapishwa mwaka 2006. Wagonjwa zaidi ya 1,000 wenye goti lililosagika waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza walichomwa sindano kama Wachina wanavyofundisha. Kundi la pili walichomwa sindano za uongo: juujuu, mahali ambapo si vituo vyao. Kundi la tatu hawakuchomwa. Walionana na daktari na kupewa vidonge vya maumivu. Baada ya wiki 26 wakahesabu waliopata nafuu ya kueleweka. Kundi la kwanza, asilimia 53. Kundi la tatu, asilimia 29.

Na kundi la pili, la sindano za uongo? Asilimia 51.

Nilizitazama namba zile kwa muda mrefu. Ukizisoma kutoka upande mmoja, ule mshipa wa jichoni hadi kidoleni umekufa. Haijalishi unachoma wapi, kwa hiyo ramani haina kazi. Ukizisoma kutoka upande wa pili, waliochomwa, popote walipochomwa, walipata nafuu kwa wingi kuliko waliomeza vidonge. Waliokosa sindano walijua kwamba wamekosa, na kukata tamaa nako huingia kwenye takwimu. Lakini pengo lile ni kubwa.

Si mimi peke yangu niliyekwama hapo. Ujerumani, baada ya majaribio yale, iliamua bima ya afya ilipie sindano kwa maumivu ya goti na ya mgongo. Uingereza, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, iliwaambia madaktari wasiwape sindano wagonjwa wa viungo vilivyosagika, kwa kuwa ushahidi haujaonyesha kwamba zinashinda zile za uongo. Nchi mbili zenye wataalamu waliobobea, na kila moja imekwenda njia yake.

Na mguu wangu? Nilichukua karatasi nikaandika yote niliyoyafanya mwezi Desemba. Sindano, mara tano. Nilipunguza kukimbia, kwa sababu daktari aliniambia nipumzike siku mbili baada ya kila sindano. Na ngazi. Kwa hasira zangu zote nilikuwa nimezianza ngazi wiki ileile ya sindano ya kwanza, si mara 180, labda 90, nikiwa napiga mswaki. Tena nilikwenda kwa daktari siku ambazo maumivu yalikuwa yamefika kileleni, na kitu kilichofika kileleni mara nyingi hushuka chenyewe. Kulikuwa na sababu nne za kupata nafuu, na mimi nilikuwa nimempigia Mama simu nikamtajia moja, ile niliyoilipia.

*

Ijumaa nilipanda basi Mbezi, kituo cha Magufuli, nikaenda Tanga. Sikutaka kuyasema kwenye simu.

Mama alikuwa uani anachambua mchicha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama ninavyotembea kutoka mlangoni.

"Weye si ulisema umepona?"

"Nilisema, Mama."

"Mbona unachechemea?"

Nikakaa kwenye kigoda. Nikamweleza yote: kilima, Januari, mara ya sita. Kisha nikamweleza Wajerumani. Nilikuwa nimejiandaa ndani ya basi jinsi ya kurahisisha, ila nikagundua hapakuwa na kitu cha kurahisisha. Mama ameuza nyanya miaka 20; asilimia anazijua kuliko wanafunzi wangu. Alisikiliza mikono ikiendelea kuchambua.

"Hao wa sindano za uongo," akauliza, "walijua kuwa ni za uongo?"

"Hapana."

"Na nusu yao wakapata nafuu."

"Nusu na kidogo."

Akacheka. "Basi na hao wenye sindano za uongo walishikwa goti."

Sikumwelewa.

"Mimi nimekwenda hospitali mara nne," akasema. "Naingia, natoa shikamoo kwa mtoto mdogo kuliko wewe maana ni daktari, ananiuliza unaumwa nini, nasema goti, anaandika. Hajanyanyuka kwenye kiti. Hakuna hata mmoja aliyeligusa hili goti. Wewe ulivyonisimulia kwamba yule Mchina alikushika mkono, akakuuliza unalalaje, ndipo nikataka kwenda. Sindano mimi naziogopa."

Niliona aibu ambayo sijapata jina lake. Miezi miwili nilikuwa nimebeba mzigo wa kibubu kile nikidhani nimemuuzia Mama sindano.

Jumatatu sikurudi Dar. Tulikwenda hospitali, na safari hii niliomba tupelekwe idara ya fiziotherapia, ambayo Mama hakuwahi kuambiwa kwamba ipo. Kijana aliyetupokea alimlaza, akalikunja goti, akalinyoosha, akaweka kiganja juu yake akisikiliza linavyosaga. Alichukua kama robo saa. Kisha akamwomba Mama akae kwenye kiti, akunje mikono kifuani, asimame bila kushika popote. Mama akasimama mara tatu, ya nne akashindwa.

"Tatu, inatosha kuanzia," kijana akasema. "Kila siku, asubuhi na jioni. Utaongeza polepole."

Nilitamani kumuuliza kuhusu dawa, nikaona Mama ananitazama kwa jicho la kunionya.

Kibubu tulikivunja usiku ule. Tulitoa nauli za kwenda hospitali kwa miezi miwili, na kilichobaki Mama akakitia kwenye mtaji wa vitunguu.

*

Mbio za Kilimanjaro zilipita bila mimi. Rafiki yangu wa klabu alinitumia picha ya medali. Mgongo wake hauumi, na bado anasema ni sindano. Sibishani naye. Naweza kumweleza kwa nini mtu mmoja si utafiti, lakini mgongo ni wake.

Wiki zangu 12 za ngazi nilizimaliza mwezi Aprili, mara 180 kwa siku, nikihesabu kwa sauti hadi wenzangu wa ghorofa ya pili wakawa wananisaidia kuhesabu. Sasa nakimbia kilomita sita, tambarare, mara tatu kwa wiki. Asubuhi zenye baridi mguu bado unakumbusha. Sijarudi kwenye sindano, lakini sizikejeli. Zile dakika 25 nyuma ya pazia zilikuwa dakika pekee za mwezi ule ambazo sikuwa nakimbia wala kukimbizwa, na nafuu ya siku ile ya pili niliisikia kwa mguu wangu mwenyewe. Ninachokataa kusema sasa ni kwamba najua ilitoka wapi.

Mama bado anasali kwenye kiti. Goti lililosagika halikui upya, na kijana wa fiziotherapia alikuwa mkweli kwake tangu mwanzo. Ila anakwenda gengeni kwa miguu, na vidonge amevipunguza. Zoezi lake la kusimama analifanya kwenye kiti kilekile cha buluu, baada ya sala ya alfajiri, wakati yuko hapohapo. Jana alinipigia nikiwa darajani, nimesimama kupumua.

"Kumi na mbili," akasema, bila hata salamu. "Bila kushika."

"Mashallah, Mama."

"Na wewe, umeshuka ngazi leo?"

Nikatazama bahari. "Bado."

"Haya," akasema. "Rudi nyumbani ukashuke."